Barabara ikikatikia kwenye mpaka wa halmashauri mbili

SWALI: Niko idara ya mipango miji, halmashauri ya Mkoa wa Pwani inayopakana na Dar es Salaam. Kwenye mchoro wetu barabara ya mita 30 inafika mpakani na kukuta viwanja vya wenzetu. Wao wanasema mchoro wao umeshaidhinishwa. Tuanzie wapi?

JIBU: Ndugu, kabla ya kuandikiana barua, ipandanisheni michoro yote miwili kwenye kompyuta moja. Michoro ya zamani mingi iko kwenye mfumo wa koodineti uitwao Arc 1960; GPS ya mkononi kwa kawaida husoma mfumo mwingine, WGS84. Ukichanganya mifumo hiyo bila kubadili namba, kila kitu kinahama takriban mita 300, zaidi kwa kaskazini na kusini. Barabara ikiwa imepishana kiasi hicho, hamna mgogoro wowote, ni namba tu. Ikipishana mita 12, hapo kweli kuna viwanja njiani.

Basi wapima wa pande zote waende uwandani siku moja, waanzie alama zilezile za upimaji, na wakague nusu kilomita kila upande. Kila kiwanja kiandikwe: kimepimwa tu, kimejengwa, au kina hati? Njia mpya ipitishwe penye viwanja vilivyopimwa tu. Kugusa chenye hati ni fidia, na fidia ndiyo hukwamisha barabara miaka.

Muulizeni pia meneja wa TANROADS (wakala wa barabara kuu na za mkoa) wa kila mkoa kama barabara hiyo itapandishwa hadhi kutoka TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini). Hapa wengi huteleza: mita 30 za mchoro wenu ni upana wote, ilhali hifadhi ya barabara kuu na za mkoa tangu Sheria ya Barabara ya 2007 ni mita 30 kila upande kutoka katikati, yaani 60. Awali ilikuwa 22.5 kila upande. Ndiyo maana nyumba zilizoangukia katikati ya vipimo hivyo viwili zilipigwa X ya kijani, ya fidia, si nyekundu.

Mchoro ulioidhinishwa hurekebishika, ila kwa kupitia tena idhini. Kwa kuwa mikoa ni miwili, kikao kiitishwe na Makatibu Tawala wote wawili, na mihtasari ya pande zote iandike koodineti zilezile za mstari wa katikati. “Barabara zitaunganishwa” haimsaidii mpima.

Stendi ya daladala msiiweke mpakani. Njia zitaishia hapo, abiria ashuke na kulipa nauli ya pili. Tengeni eneo ndani zaidi, penye soko au njiapanda, kisha muwaite LATRA, wadhibiti wa usafiri wa ardhini, mapema, viwanja vikiwa bado havijagawiwa.