Bikoni peke yake sio ulinzi: jibu kwa aliyenunua kiwanja pembeni ya korongo

Swali: Habari mtaalamu. Nimelipia nusu ya hela ya kiwanja cha 20 kwa 20 huko Chanika, pembeni kuna korongo ila kavu kabisa. Dalali anasema kimepimwa, na bikoni, zile nguzo fupi za zege za mpaka, nimeziona kwa macho yangu. Nikipandisha msingi wa mawe na kuweka ukuta upande wa korongo si itatosha?

Jibu: Dada yangu haitoshi, na hiyo nusu iliyobaki usiitoe kwanza. Korongo kuwa kavu Agosti sio habari, we nenda masika yakiwa yamekolea. Hata leo kaangalie kingo zake, ukikuta matete yamelala upande mmoja na mifuko imenasa kwenye matawi juu ya kimo chako basi maji yalifika hapo. Na kama huo ni mkono wa mto, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka kwenye kingo, wakati kiwanja chako chote kina mita 20.

Ila kinachonichosha kila siku ni hii imani kwamba ukishaona bikoni mambo yameisha. Kupima kunaonyesha mpaka wako uko wapi, basi. Hapo pawe nyumba, barabara au bonde la kuachwa wazi, hilo linaamuliwa na mchoro wa mipango miji ulioidhinishwa, upimaji unakuja baada yake na ramani yake inasajiliwa. Sasa siku hizi mtu ana simu yenye GPS, anamwaga zege, anachomeka kipande cha nondo, anachora namba kwa kijiti kabla halijakauka, anakuuzia. Chukua hizo namba uende ofisi ya ardhi ya halmashauri wazitafute kwenye ramani, uulize na matumizi ya eneo. Na mhuri wa serikali ya mtaa kwenye karatasi ya mauziano ni ushahidi kwamba mmeuziana, sio hati.

Wanunuzi siwalaumu, Dar imetoka watu kama milioni 2.5 mwaka 2002 ikafika milioni 5.4 mwaka 2022, lazima watu wakae mahali. Ubaya ni hawa madalali wanaokata shamba la mikorosho vipande vipande bila kuacha barabara, mtaro wala njia ya maji, kila mtu anazungusha ukuta wake na maji anamsukumia jirani. Vilima vya Pugu ndo chanzo cha mto Msimbazi, mvua iliyokuwa inazama kwenye vichaka sasa inagonga bati na pevingi inashuka yote bondeni Jangwani. Msitu wa Pugu na Kazimzumbwi nao unabaki kisiwa, ndege hondohondo waliokuwa wanabeba mbegu kutoka pori hadi pori wanakuta mapaa tu. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu kama 40, na waliohamishwa mabondeni wakapelekwa Mabwepande, yaani pembezoni tena, mji ukazidi kutanuka.

Dalali atakwambia wengi wameshajenga, hawawezi kubomoa wote. Desemba 2015 nyumba za bonde la Msimbazi zilipigwa X nyekundu, mabuldoza yakaingia, na huko nako wengi walikuwa wameshajenga.