Ndizi darasani, mtihani mlangoni

SWALI: Mwanangu yuko darasa la sita. Tangu walimu wanafunzi waje shuleni kwao, kila mara anaambiwa alete kitu: leo ndizi, kesho chupa, keshokutwa mhogo. Nikimuuliza amejifunza nini, ananijibu, "Tulitia ndizi dawa." Mwakani ana PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Je, huku si kuwapotezea watoto muda na sisi wazazi fedha?
Mama wa watoto watatu, Bombo, Uganda

JIBU: Mama, nakusalimu kwa heshima. Nami ni mwalimu mwanafunzi, na hayo maneno ya mwanao, "Tulitia ndizi dawa", yamenikaa moyoni. Mtoto akirudi nyumbani na hayo tu, basi mikono yake ilifanya kazi na akili ikakaa bure. Hapo una haki ya kulalamika.

Lakini kosa si la ndizi. Darasa ninalofanyia mazoezi lina watoto zaidi ya 80, nalo ni la sita kama la mwanao. Dawa yenyewe ni iodini, ile ya vidonda inayouzwa duka la dawa. Ikigusa wanga hugeuka buluu nzito, karibu nyeusi. Kabla sijafungua chupa niliwaonyesha bogoya tatu, zile ndizi tamu za kuliwa mbivu: ya kijani, iliyoiva, na iliyoanza madoa. Ipi ina wanga mwingi? Kila mmoja aliandika jibu lake kwa kalamu ya wino, asije akalifuta baadaye. Wengi walichagua iliyoiva, kwa kuwa ni tamu. Mvulana mmoja wa nyuma alisimama kabisa kutetea: "Mbichi haina kitu, mwalimu, ndiyo maana hailiki."

Kila dawati likapata vipande vya ukubwa wa ukucha. Tone likaanguka, na ile mbichi ikawa nyeusi tii. Iliyoiva ilibaki na rangi ya dawa, na weusi kidogo hapa na pale. Ya madoa karibu haikubadilika. Walipiga kelele mpaka darasa la jirani wakachungulia. Nilipowaeleza kwamba ndizi ikiiva vimeng'enya vyake, yaani kemikali za asili zilizomo ndani yake, huvunja wanga kuwa sukari, na utamu hutoka hapo, walikuwa wanayasubiri maelezo hayo. Yule mvulana ndiye aliyewaeleza wenzake upya kwa Kiganda, bila kuombwa.

Kisha msichana mmoja akadondosha iodini kwenye daftari kwa bahati mbaya, na karatasi ikaweka doa jeusi. "Kwani karatasi nayo ni chakula?" Swali hilo halikuwamo katika maandalio yangu ya somo, na ndilo bora kuliko yote niliyosikia muhula huu. Viwandani karatasi nyingi hutiwa wanga ili wino usisambae. Tulitumia dakika zote zilizobaki kupima magazeti, maboksi na kurasa za vitabu vikuukuu.

Kuhusu fedha, ndizi tatu zilitosha darasa zima, na chupa moja ndogo ya iodini itanivusha muhula. Hakuna haja ya kila mtoto kubeba kitu kutoka nyumbani. Lisemeni hilo kwenye mkutano wa wazazi, bila kuogopa. (Na kipande kilichotiwa iodini kisiliwe, mwonye mwanao.)

PLE haiulizi kama mtoto amewahi kushika ndizi, hilo ni kweli. Inauliza wanga hupimwaje, na aliyebishana na jibu lake mwenyewe halisahau upesi kama aliyelinakili ubaoni. Kwa hiyo jioni usimuulize walifanya nini. Muulize: "Ulidhani itakuwaje? Ikawaje?" Asipokuwa na la kujibu swali la kwanza, mwendee mwalimu wake mzungumze.

Somo langu lijalo ni la kuchemsha maji. Kitabu kinasema maji huchemka nyuzi 100, na watoto wote wataandika 100. Huku kwetu, kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi, hewa inakandamiza kwa nguvu ndogo kuliko pwani, na kipimajoto kitasimama karibu na 96. Nitawaacha wabishane kwanza kama kipimajoto ni kibovu.