Bado ni Tunisia, Misri na Algeria

Mdogo wangu wa Moshi, umeuliza kama timu ya kusini mwa Sahara imewahi kutwaa ubingwa wa Afrika wa mpira wa mikono, wanaume. Bado. Tangu 1974 kombe linazunguka kwa Tunisia, Misri na Algeria tu. Angola imeishia nafasi ya tatu.

Mimi naona siri ni kumbi za ndani. Uwanja ni mita 40 kwa 20, na kudunda mpira kunataka sakafu ngumu, sawa. Hapa Arusha, kwenye UMISSETA (michezo ya shule za sekondari), tuliucheza kwenye vumbi, ukidunda kwenye kokoto unakukimbia! Na vijana wenye mikono ya kufumua nyavu tunao, tena wengi. Inaniuma sana.