"Juu ya nani?"

SWALI: Shikamoo Kocha. Nasoma sayansi ya michezo hapa Iringa, na utafiti wangu unahusu waogeleaji 14 wa Iringa na Mbeya. Niliwaandika "waogeleaji wa kiwango cha juu" kwa kuwa wote wamewahi kwenda mashindano ya taifa. Msimamizi amenirudishia kazi, pembeni kaandika kwa wino mwekundu: "Juu ya nani?" Niwapangeje?
Mwanafunzi, Iringa

JIBU: Marahaba mwanangu. Huyo msimamizi amekutendea wema, mshukuru.

Kuna mfumo wa madaraja uliotolewa mwaka 2022, kuanzia 0 kwa mtu asiyejishughulisha na mazoezi hadi 5 kwa mwanamichezo wa kiwango cha dunia. Daraja la 3 ndilo la taifa. Utumie, lakini usiishie hapo, maana taifa na taifa havilingani. Anayefika fainali ya taifa kwetu na anayefika fainali Australia, saa haiwaweki pamoja hata kidogo.

Kwa kuogelea tunayo bahati ya pointi za World Aquatics, shirikisho la kuogelea la dunia. Chukua rekodi ya dunia iliyo kwenye jedwali la mwaka husika, igawe kwa muda wa mwogeleaji wako, jibu lipandishe kwa kipeo cha tatu, zidisha kwa 1000. Rekodi ya wanaume ya mita 100 mtindo huru kwenye bwawa la mita 50 ni sekunde 46.40, aliyoiweka Pan Zhanle Paris mwaka 2024. Kijana wako akiogelea 58.00 anapata pointi 512. Binti akiogelea 1:04.60, ukimpima kwa rekodi ya wanawake, 51.71 ya Sarah Sjöström ya mwaka 2017, naye anapata 512. Sasa unaweza kuwaweka kundi moja bila kubahatisha. Kipeo cha tatu hakikuwekwa kwa mapambo: ukiongeza kasi majini, nguvu inayohitajika hupanda karibu kwa kipeo hichohicho. Ndiyo maana kutoka 60.00 hadi 58.00 kunaongeza pointi 50, na kutoka 58.00 hadi 56.00 kunaongeza 56.

Ila kabla ya hesabu yoyote, pima bwawa. Nakusihi.

Nilikuwa na binti hapa Mbeya niliyemwogelesha miezi minne kwenye bwawa la hoteli lililosemwa ni la mita 25. Muda wake ulinifanya nisilale kwa furaha. Asubuhi moja ya Juni, maji yanauma hadi mifupani, nikaazima tepu kwa fundi ujenzi, tukaivuta ukuta hadi ukuta, yeye kashika upande ule, mimi huku. Mita 22 na sentimita 40. Kwenda na kurudi mara mbili ni mita 89.60, si 100. Nilivyomweleza alinyamaza, akaingia majini akaendelea na mazoezi. Mpaka leo naumia kwamba sikupima siku ya kwanza.

Kwa hiyo kwenye jedwali lako, kila muda uandikie urefu wa bwawa, mtindo, tarehe, na kama ulichukuliwa kwa saa ya mkononi au ya umeme. Ya mkononi hupendelea mwogeleaji, kwa sababu kidole huchelewa filimbi inapolia. Bwawa la mita 25 lina jedwali lake la rekodi. Kule kugeuka ukutani kunaleta kasi, usichanganye na la 50. Pima na joto la maji pia: sheria za mashindano zinataka nyuzi 25 hadi 28, na huku kwetu Julai huzipati bila kupasha.

Kisha chukua pointi za juu za kila mmoja kwenye mtindo wake mkuu ndani ya msimu mmoja, uwapange kwa hizo. Neno "kiwango cha juu" lifute. Andika "pointi 380 hadi 512", kama ndizo ulizozipata, na msimamizi hatakuwa na la kuuliza pembeni.

Ukija Mbeya kupima wale wa huku, niarifu mapema. Tepu ninayo ya kwangu sasa, ya mita 50.