Kuhusu kununua majina ya kikoa ili kuyauza kwa faida

Ndugu yangu wa Malindi,

Umeuliza kama ni busara kutoa akiba yako yote kununua majina ishirini ya kikoa (yaani anwani za tovuti, kama zile zinazoishia na .com) yenye Lamu, Shela au Watamu ndani yake, kisha kuwauzia wenye hoteli. Mimi ningeanza na mawili tu, kwa kuwa jina la kikoa husajiliwa kwa muda, usiozidi miaka 10 kwa majina ya .com, na muda ukiisha unalipa ada tena, uwe umepata mteja au hukupata.

Jambo zito zaidi ni uchaguzi wa jina. Ukisajili jina la hoteli inayojulikana, kisha ukamwandikia mwenye hoteli kumtajia bei, barua hiyo huwa ushahidi dhidi yako, kwa sababu utaratibu wa ICANN, shirika linalosimamia majina ya kikoa duniani, wa kutatua migogoro ya majina, uliowekwa mwaka 1999, huhesabu kuwa ni nia mbaya kusajili kwa lengo la kumuuzia mwenye alama ya biashara kwa bei inayozidi gharama zako, na jina unaweza kunyang'anywa bila fidia. Maneno ya kawaida yaliyounganishwa na mahali, kama "jahazi" na "Lamu", yana usalama zaidi, ingawa wenye nyumba wengi wa Shela hujibu wageni kwa WhatsApp na hawaoni haja ya tovuti.

Mnunuzi akipatikana, usimpe msimbo wa kuhamisha jina kabla fedha hazijawekwa kwa mtu wa tatu mnayemwamini nyote wawili.