Maswali ya Wasomaji: Nani Aliliongoza Kombora la V-2?

SWALI: Ndugu Mhariri, nafundisha fizikia katika shule ya sekondari hapa Mikindani. Wanafunzi wangu wanashikilia kwamba makombora ya V-2, ambayo Wajerumani waliyarusha London kuanzia Septemba 1944, yaliongozwa kwa redio mpaka yalipoanguka, kwa kuwa hayakuwa na rubani na setilaiti zilikuwa bado. Je, ni kweli?
Mwalimu, Mikindani, Mtwara

JIBU: Si kweli, Mwalimu, ingawa redio ilikuwa na sehemu yake ndogo. V-2 iliongozwa kwa sekunde zipatazo 65 tu, yaani muda ambao injini yake ilikuwa ikiwaka. Dakika nne hivi zilizosalia ilikwenda kwa kasi iliyokwisha kuipata, ikivutwa na dunia, bila ya mtu wala chombo cha kuirudisha njiani. Kwa hiyo kazi yote ya kulenga ilikuwa kuhakikisha kwamba injini inapozimika, kombora limeelekea panapotakiwa, limeinama inavyotakiwa na lina kasi inayotakiwa.

Uelekeo ulipatikana ardhini. Kombora, lenye urefu wa mita 14, lilisimamishwa wima juu ya meza ya chuma inayozunguka, askari wakalikagua kwa theodolaiti, ile darubini ya wapima ardhi, kisha wakaizungusha meza pamoja na mzigo wake mpaka pezi lililokusudiwa likaelekea shabaha. Kutoka The Hague, Uholanzi, yaliporushiwa mengi, hadi London ni kilomita 310 hivi, karibu sawa na Mtwara hadi Tunduru kwa mstari ulionyooka, na kwa umbali huo kosa la nyuzi moja mezani lilitosha kulipeleka kombora zaidi ya kilomita tano kando.

Likisharuka, lilitegemea jairoskopu mbili, ambazo, kama pia ya watoto inayozunguka kwa kasi, hukataa kulazwa upande. Kombora likiyumba, tofauti kati yake na jairoskopu iligeuzwa kuwa umeme, na kikokotoo kilichobuniwa na mhandisi Mjerumani Helmut Hoelzer kikatoa amri kwa mitambo ya usukani. Hapa ndipo penye ubunifu ninaoustaajabia zaidi: kwa kuwa kombora linaloanza kunyanyuka halina mwendo wa kutosha kugeuzwa kwa upepo, vibao vinne vya grafiti viliwekwa ndani ya mkondo wenyewe wa moto. Vililiwa na moto huo, lakini vilitakiwa kudumu dakika moja tu. Sekunde chache baada ya kuruka, mtambo wa saa ulianza kuinamisha rejeo la jairoskopu, yaani uelekeo ambao kombora lililinganishwa nao, kidogo kidogo, na kombora likafuata mpaka likaiacha wima kwa nyuzi zinazokaribia 50.

Kasi ndiyo iliyokuwa ngumu. Chombo kimoja kilipima mchapuko, yaani jinsi kasi inavyoongezeka kila sekunde, kikaujumlisha kuwa kasi, na ilipofika takribani mita 1,600 kwa sekunde kikazima injini. Kosa la asilimia moja katika kasi huzaa kosa la asilimia mbili hivi katika umbali, yaani kilomita sita. Redio ilitumika hapa, kwani baadhi ya makombora yalizimwa injini kwa ishara kutoka ardhini, na mengine yalifuata mwale wa redio ili yasiende kombo. Lakini hata hayo, injini ikishazimika, hayakuongozwa tena.

Kombora lililolengwa Mtwara mjini, basi, lingeweza kabisa kukuangukieni Mikindani. Machi 1945 Wajerumani walirusha 11 kwenye daraja la Remagen, juu ya mto Rhine, lililokuwa limetekwa na Wamarekani, na hakuna hata moja lililolipata.

Wape wanafunzi hesabu hii: wazidishe 1,600 kwa 1,600, kisha wagawanye kwa 9.8, yaani mchapuko wa mvutano wa dunia, ili wapate umbali ambao kitu kilichorushwa kutoka ardhini kwa kasi hiyo, kwa nyuzi 45, kingefika. Watapata mita 261,000 hivi, yaani kilomita 261. Zilizopungua kufikia 310 zinatokana hasa na kwamba injini ilizimika kombora likiwa tayari kilomita nyingi juu ya ardhi, na limekwisha kusonga mbele.