Mgongo wako, dada, na mambo niliyofunzwa na jirani wa Përmet

Wiki iliyopita dada mmoja ameniandikia kutoka Munich. Analea wazee, anapiga zamu mbili, mgongo unamuuma mpaka kuvaa soksi ni kazi, na nyumbani wanasubiri hela. Anauliza mimi nilipona vipi. Najibu hapa kwa sababu najua hayuko peke yake.

Nilianza kazi hiyohiyo hapa Ujerumani nikiwa na nguvu zangu zote. Mgongo ulipokaza, msimamizi aliniambia mbele ya wenzangu kwamba kama kuinua wagonjwa kumenishinda, nikafagie stesheni. Yule mtu nimemsamehe, lakini maneno yale bado yanachoma.

Aliyenishika mkono ni jirani wa ghorofa ya juu, mama wa Kialbania kutoka Përmet, kusini mwa nchi yao. Alinikuta kwenye ngazi nimeegemea ukuta. Akaniingiza kwake, akaniwekea kahawa kabla hata hajaniuliza jina. Ndivyo walivyolelewa. Kanun, sheria ya mila ya kaskazini ambayo padri Shtjefën Gjeçovi aliikusanya na ikachapishwa kitabu mwaka 1933, inasema nyumba ya Mwalbania ni ya Mungu na ya mgeni.

Siku hiyo alikuwa anatengeneza byrek, pai ya kwao ya matabaka membamba ya unga. Sisi tuliokulia kwenye chapati tunadhani unga tunaujua. Alikanda, akakata madonge, akayafunika kitambaa. Nilitaka kusaidia kusukuma, akanizuia: unga uliotoka kukandwa ukiuvuta unarudi, ukiulazimisha unachanika. Tukangoja. Kisha akachukua okllai, fimbo nyembamba ndefu, akauviringisha unga juu yake na kusukuma kwa viganja kutoka katikati kwenda pembeni. Akaukunjua, akaulaza juu ya migongo ya mikono yake, akawa anauvuta ukingoni polepole huku akiuzungusha, mpaka maua ya kitambaa cha meza yakaonekana kupitia unga. Tabaka juu ya tabaka, mafuta katikati, spinachi na jibini laini ya gjizë.

Tangu hapo nimeacha kuuvuta mwili kwa fujo. Tembea kwanza damu ichemke, ulale chali, leta goti moja kifuani, likae hapo sekunde 30 huku ukitoa pumzi polepole. Usirukeruke. Badilisha mguu. Asubuhi na jioni, kila siku. Maumivu yakishuka mguuni pamoja na ganzi, nenda kwa daktari.

Lakini mazoezi peke yake hayakuniponya. Jioni moja jirani alinifungulia nyimbo za kwao, zile za sauti nyingi ambazo UNESCO iliziingiza kwenye orodha yake ya urithi mwaka 2008. Mmoja anaanzisha, mwingine anamjibu, na waliobaki wanashikilia sauti moja ndefu, "e", wanayoiita iso. Kwa Watoski, watu wa kusini kama yeye, haikatiki mpaka wimbo uishe. Nikamuuliza, pumzi hiyo wanaitoa wapi? Akacheka. Hakuna mwenye pumzi hiyo, akasema, wanapokezana: huyu akivuta hewa, wengine wanashikilia.

Nililia pale kwenye kochi lake.

Ndugu zangu, tumezoea kuwa iso ya mtu mmoja. Mzee akiugua ni wewe, ada ni wewe, bati la nyumba ni wewe, halafu usiku unanyanyua mgonjwa wa kilo 90 bila kumwita mwenzako kwa kuogopa kuonekana mvivu. Acheni! Mwite mwenzako. Dai mashine ya kuinulia. Leo mimi ndiye kiongozi wa zamu, na kwenye zamu yangu hakuna anayenyanyua mtu peke yake. Najivunia hilo kuliko cheti chochote.

Kwa hiyo dada, fanya hayo ya goti kuanzia leo. Na Jumapili hii, kabla hujatuma hela ya mwezi, orodhesha ndugu zako wote wenye kipato, hata kidogo, uwapigie mmoja mmoja mpange nani anachukua mwezi upi.